Windows za kompyuta za mtumba Tanga: kila anayewasha ni bosi

Kompyuta ya mtumba ikitoka dukani mjini Tanga huwa imeshapigwa Windows. Mnunuzi, mara nyingi mtu anayefungua stesheneri Ngamiani au Makorora, hukagua anavyovijua: RAM, diski, kioo kama kina mstari, printa kama inasoma. Karatasi ikitoka na maandishi, analipa. Nani ndani ya mashine ile ana ruhusa ya kufanya nini, hilo haliulizwi, na muuzaji hana sababu ya kulianzisha.

Mapitio haya basi si ya boksi. Ni ya Windows iliyomo ndani: XP, 7, na kidogo 10, kwa kipimo kimoja tu, jinsi zinavyogawa madaraka kati ya watumiaji. Kompyuta ya stesheneri ni ya waja leo waondoka leo kweli kweli. Asubuhi ni mwanafunzi na fomu ya mkopo, adhuhuri ni mwombaji ajira na vyeti vyake, jioni ni mzee na hati ya kiwanja, na kila mmoja amekuja na flashi yake. Kwa kazi ya namna hiyo, mgawanyo wa madaraka una uzito kuliko kasi ya prosesa.

Kuna jaribio la dakika moja ambalo mnunuzi anaweza kulifanya palepale kaunta, kabla pesa haijatoka mfukoni. Bonyeza kitufe cha Windows pamoja na R, andika cmd, kisha Enter. Kwenye dirisha jeusi andika whoami /groups na utafute mstari wenye maneno Mandatory Label. Ukiona Medium ilhali akaunti ni ya msimamizi, kinga ya UAC (ile inayouliza ruhusa kabla programu haijapewa nguvu za msimamizi) iko hai. Ukiona High wakati hujaomba ruhusa yoyote, ama UAC imezimwa, ama umeingia kwa akaunti yenyewe ya Administrator. Amri ikijibu kwamba haitambuliki, hiyo kwa kawaida ni XP, na jibu hilo peke yake linatosha kukurudisha nyumbani na pesa zako. Halafu andika net localgroup Administrators uone orodha ya mabosi, na mwisho winver. Windows 7 iseme 7601, Service Pack 1. Ikisema 7600, jua haijapata viraka vya usalama tangu Aprili 2013.

High inaonekana mara nyingi kwenye kompyuta zilizopigwa kwa nakala za Windows za flashi, zile zilizopunguzwa ili ziwe nyepesi. Aliyezitengeneza alizima UAC kwa sababu inauliza-uliza, akaondoa na huduma ya masasisho, kisha akatia kiamilishi cha leseni ambacho nacho kinataka ruhusa zote. Fundi anayepiga nakala hiyo anaweza asijue. Kukagua, tumia reg query HKLM\SOFTWARE\Microsoft\Windows\CurrentVersion\Policies\System /v EnableLUA. Jibu linalotakiwa ni 0x1. Likiwa 0x0, dai Windows safi au punguzo la bei. Unaweza kuirudisha mwenyewe kwa kuandika 1 na kuwasha upya, ila nakala iliyokatwakatwa mahali kumoja huwa imekatwa na kwingine, na kwingine huko hukujui.

Windows XP ilitoka Oktoba 2001 na Microsoft ikaiacha tarehe 8 Aprili 2014. Bado ipo kwenye mashine za Pentium 4 zinazouzwa kwa bei ya chai. Kasoro yake kuu iko kwenye swali la mwanzo kabisa baada ya kuisakinisha: nani atatumia kompyuta hii? Unaandika majina, hadi matano, na wote watano wanafanywa wasimamizi, bila paswedi. Mama, mtoto, kijana wa kaunta na mteja, kila mmoja anashika funguo za nyumba nzima, na hakuna aliyeambiwa.

Chini ya hao kuna wa sita asiyeonekana. Akaunti ya Administrator huwa haionyeshwi kwenye skrini ya kukaribisha. Katika XP Home haina paswedi, na mtu huifikia akiwasha kompyuta kwa Safe Mode, ile hali ya kuwasha ya dharura. XP Professional huomba paswedi yake wakati wa usakinishaji, na fundi mwenye haraka hupiga Enter akapita. Mwenye duka anaweka paswedi kwenye jina lake, anafunga kompyuta, anakwenda kuswali akiwa na amani, kumbe mlango wa uani uko wazi. Kuufunga ni amri moja tu: net user Administrator *, kisha unaandika paswedi mara mbili bila herufi kuonekana.

Na hiyo paswedi yenyewe XP inaitunza vibaya. Kwa ajili ya kuelewana na mitandao ya zamani, huhifadhi nakala ya pili iitwayo LM. Nakala hiyo hugeuza herufi zote kuwa kubwa, hukata paswedi katika vipande viwili vya herufi saba saba, na kila kipande husimbwa peke yake. Anayekisia hana haja ya kuvunja herufi kumi na nne. Anavunja saba, kisha saba nyingine, na kompyuta ya kawaida yenye majedwali yaliyoandaliwa huimaliza kazi hiyo kwa dakika. Paswedi ya herufi 15 au zaidi haitengenezewi nakala ya LM, kwa hiyo dawa ni sentensi, si neno. Msemo wa wajaleowaondokaleo una herufi 18, lakini usithubutu kuutumia katika mji huu. Ndio wa kwanza atakaoujaribu kila mtu.

Je, ukiwashusha vyeo watumiaji wa XP ukawaacha na akaunti finyu? Kwenye karatasi inawezekana. Dukani hautamaliza wiki. Akaunti hiyo hairuhusiwi hata kufungua saa ya kona ya chini kutazama kalenda, kwa sababu dirisha la kutazama tarehe ndilo hilohilo la kubadili tarehe, na kubadili tarehe ni kazi ya msimamizi. Programu za wakati ule zinaandika data zao ndani ya C:\Program Files, mahali ambapo akaunti finyu haina kalamu, basi zinakufa au zinatoa ujumbe usioeleweka. Mwenye duka anachoka, anamrudishia kila mtu ukubwa wake. Wengine huchagua njia ya kati, kundi la Power Users, wakidhani ni nusu bosi. Si nusu. Kundi hilo linaruhusiwa kubadilisha faili za programu ambazo baadaye zitaendeshwa na msimamizi au na mfumo wenyewe, kwa hiyo mwenye nia hupanda hadi juu bila ngazi.

Kuna na udhaifu wa jikoni ambao mwenye duka hawezi kuurekebisha kwa mipangilio. Katika XP, mtumiaji wa kwanza kuingia hukaa chumba kimoja na huduma za mfumo zenyewe. Mwaka 2002 mtafiti wa usalama Chris Paget alionyesha kwamba programu ya mtumiaji mdogo inaweza kutuma ujumbe kwa dirisha la programu yenye mamlaka ya SYSTEM (akaunti ya mfumo wenyewe, juu ya msimamizi) na kuilazimisha itende inavyotaka. Microsoft ilitoa kiraka, lakini ukuta wa kutenganisha vyumba ulijengwa katika Vista, Windows iliyoifuata XP, mwaka 2007. Hukumu: XP iwe ya kuendesha mashine isiyo na mtandao wala flashi, tuseme kikata stika cha zamani chenye programu yake isiyokubali Windows nyingine. Zaidi ya hapo, hata ukipewa bure usiichukue.

Windows 98, ikitokea bado umeiona mahali, haina cha kupitia. Skrini ya paswedi unabonyeza Esc, unaingia.

Windows 7 ndiyo bidhaa yenyewe hasa. Ilitoka Oktoba 2009, viraka vya bure vikakoma tarehe 14 Januari 2020, na mashine kama Dell OptiPlex 780 au HP Compaq 6000 zinaibeba vizuri kwa RAM ya GB 4. Kwa mgawanyo wa madaraka ina mifupa mizuri. Msimamizi akiingia hupewa vitambulisho viwili: kimoja kimepunguzwa nguvu, ndicho anachotembea nacho, cha pili kamili hukaa kabatini, na UAC ndiyo inayouliza kabla ya kukitoa. Shida ni pale ilipowekwa spidi gavana. Kitelezi cha UAC kina ngazi nne, na kiwandani kimewekwa ngazi ya pili kutoka juu. Ngazi hiyo huziruhusu baadhi ya programu za Microsoft zenyewe kujipandisha cheo kimyakimya, na tangu mwaka 2009 inajulikana kwamba programu mbaya inaweza kujipachika mgongoni mwa hizo, ikapanda nazo. Microsoft wenyewe wamesema UAC si mpaka wa usalama. Kipandishe kitelezi hadi juu kabisa: Control Panel, User Accounts, Change User Account Control settings. Maswali yataongezeka, ndiyo. Lakini mpaka wenyewe ni kuwa na akaunti mbili tofauti.

Kazi ya kuzitenga akaunti hizo mbili, mkuu ya usimamizi na duka ya kila siku, haifiki nusu saa, ila mpangilio wa hatua ni muhimu, na hapa ndipo watu hujifungia nje. Tafuta cmd kwenye Start, bonyeza kitufe cha kulia, chagua Run as administrator. Andika net user mkuu * /add, weka paswedi ndefu, kisha net localgroup Administrators mkuu /add. Sasa toka, ingia kama mkuu, hakikisha paswedi inakubali na orodha ya Administrators ina jina lake. Hapo tu ndipo unamgusa mtumiaji wa kila siku, tuseme anaitwa duka: kwanza net localgroup Users duka /add, halafu net localgroup Administrators duka /delete. Ukianza na kufuta, ukamtoa duka bila kumtia Users, jina lake linapotea kwenye skrini ya kuingilia na utadhani akaunti imefutika. Haijafutika, haina kundi. Na ukimtoa kabla mkuu hajawa msimamizi, anayebaki ni Administrator wa ndani, ambaye Windows 7 imemzima tangu kiwandani. Hapo ndipo watu humwita fundi, na fundi hupiga Windows upya.

Siku ya pili malalamiko yanaanza, na mengi yana sababu moja. Programu ya zamani ya stoo au ya risiti inafunguka, lakini haina data: mauzo ya mwaka mzima hayaonekani! Kabla hujamrudishia duka cheo chake, nenda C:\Users, ingia folda ya kila mtumiaji, fuata AppData\Local\VirtualStore. Windows 7, programu ya zamani ya biti 32 ikijaribu kuandika mahali pasiporuhusiwa, haiikatalii. Inaielekeza pembeni, kwenye nakala ya siri ya mtumiaji huyo peke yake. Kila mtumiaji anaona daftari lake akidhani ndilo la duka. Ubaya mkubwa zaidi ni kwamba anayehifadhi chelezo (nakala za akiba) hunakili folda iliyo Program Files, ambayo ni ya kale, na diski ikifa ndipo inagundulika chelezo zote zilikuwa hewa. Linganisha tarehe za faili, chukua yenye tarehe mpya, kisha hamishia data D:\Data au mahali programu inaporuhusu, na umpe duka haki ya kuandika kwenye folda hiyo tu: icacls D:\Data /grant Users:(OI)(CI)M. Usifanye kama wanavyofanya wengi, kuipa Everyone haki kamili juu ya folda yote ya programu. Ukifanya hivyo faili la exe lenyewe linaweza kubadilishwa na yeyote, na siku mkuu atakapolifungua, aliyelibadilisha anakuwa mkuu.

Faida inayoonekana kwa macho ni kwenye flashi. Kirusi cha flashi kile kinachoficha folda za mteja na kuacha njia za mkato, kikiingia kwa akaunti ya msimamizi, hujiandika System32, hujifanya huduma, huzima Task Manager, huua antivirusi. Kikiingia kwa akaunti ya duka, kinaweza kuchafua flashi na mafaili ya duka, na kujiwekea njia ya kuwaka duka anapoingia. Basi. Unaingia kama mkuu, unaokoa nyaraka za duka, unaifuta akaunti hiyo pamoja na mafaili yake, unaunda nyingine. Dakika kumi, badala ya siku nzima na ada ya kupiga Windows. Flashi ya mteja inarudishwa kwa attrib -h -s -r /s /d E:\*.*, ukibadili E kuwa herufi iliyoonekana. Njia za mkato zifutwe kwa mkono, zisibonyezwe.

Hata hivyo tusiuze uongo. Akaunti ndogo haizuii kila kitu. Programu ya kufunga mafaili na kudai fidia haihitaji usimamizi kuharibu nyaraka ambazo duka mwenyewe anaruhusiwa kuziandika. Chelezo iliyochomolewa ndiyo inayoziokoa. Na kuna mashimo yanayoruka ukuta mzima. WannaCry, programu ya kudai fidia iliyosambaa tarehe 12 Mei 2017, haikuuliza nani ameingia. Ilipitia SMB (njia ya Windows ya kushirikishana mafaili mtandaoni) ya toleo la kwanza na kutua moja kwa moja kwenye mamlaka ya juu. Kiraka chake, MS17-010, kilikuwa kimetoka Machi mwaka huohuo, na mashine nyingi zilizoathirika zilikuwa Windows 7 ambazo hazikusasishwa. Nakala ya flashi iliyotengenezwa kabla ya hapo haina kiraka hicho. Kukipata kunahitaji huduma ya masasisho iliyo hai, au faili la KB4012212 lililopakuliwa kutoka katalogi ya Microsoft na kusakinishwa kwa mkono. Wengine huamua kuizima SMB ya kwanza kabisa, jambo zuri, ila kwenye stesheneri kuna mtego: fotokopi kubwa za mtumba zinazoskani kwenda folda ya kompyuta mara nyingi zinajua SMB hiyo tu. Ukiizima, skani zinakoma kufika, na mtu anafungua fotokopi kutafuta ubovu ambao haumo.

Printa nayo ina lake. Huduma ya Print Spooler, inayopanga foleni ya kuchapisha, hufanya kazi kwa mamlaka ya SYSTEM, na mwaka 2021 udhaifu uliopewa jina PrintNightmare ulionyesha mtumiaji wa kawaida anavyoweza kupanda kupitia humo. Ofisi zinazima huduma hiyo kwenye seva; stesheneri haiwezi, ndiyo mkate wake. Kama printa imechomekwa kwa waya wa USB na haishirikiwi na kompyuta nyingine, kwenye toleo la Professional fungua gpedit.msc, Computer Configuration, Administrative Templates, Printers, na uzime Allow Print Spooler to accept client connections, kisha uanzishe huduma upya. Uchapishaji wa palepale unaendelea kama kawaida, mlango wa mtandaoni unafungwa.

Hukumu ya Windows 7: inakubalika kwa kuandika, kuskani na kutoa kopi, ikiwa na akaunti mbili, kitelezi juu, na benki ya simu wala barua pepe ya mwenye duka zisiguswe humo. Muuzaji anayeiuza kwa sifa ya kuwa ni "orijino na iko tayari", huku akaunti ni moja, ya msimamizi, na paswedi ni 1234 kwa kila mteja wake, anauza nusu kazi. Nakala za vitambulisho vinavyobaki kwenye Desktop ya akaunti hiyo ni taarifa binafsi za watu, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, iliyoanza kutumika Mei 2023, haimuulizi mwenye duka Windows yake ilipigwa na nani.

Windows 10 haistahili aya ndefu. Inapunguza mengi, lakini nayo humfanya mtumiaji wa kwanza kuwa msimamizi, kwa hiyo hatua zilezile za mkuu na duka zinahitajika, na viraka vyake vya kawaida vilikoma tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11 haitaki mashine za umri huu. Kwa OptiPlex yenye GB 4, Linux Mint ya Xfce, mfumo wa bure usio Windows, ni mbadala wa haki: mtumiaji wa pili anaundwa Standard na anabaki hivyo bila programu kugoma. Nayo si malaika. Udhaifu wa sudo, amri ya kuazima mamlaka ya msimamizi, uliogunduliwa Januari 2021 ulikuwa umelala humo karibu miaka kumi. Tofauti ni kwamba kiraka kilifika bure. Kabla ya kuhamia, jaribu printa kwanza. HP nyingi husomeka bila shida. Canon za LBP za zamani zitakutoa jasho.

Limebaki la mtu mwenye flashi ya kuwashia. Akiwasha kompyuta kwa mfumo wake, ruhusa zote zilizotajwa hapo juu hazina wa kuzisimamia, anasoma diski kama kitabu kilichofunguliwa. BitLocker, kinga inayosimba diski nzima, katika Windows 7 iko kwenye Ultimate na Enterprise tu, Professional haina. Kwa stesheneri, ingia BIOS (mipangilio ya mashine inayofunguliwa kabla Windows haijawaka), weka diski ya ndani iwe ya kwanza kuwasha, zima kuwasha kwa USB, weka paswedi ya BIOS, na ufunge kifuniko cha boksi kwa kufuli. Kisha badilisha betri ya CR2032 siku hiyohiyo. Maduka mengi huzima umeme ukutani kila jioni, na betri hiyo ndiyo inayoshika mipangilio usiku kucha. Kwenye mashine ya mtumba huwa imechoka. Ikifa, mpangilio wa kuwasha unaweza kurudi wa kiwandani, USB ikaruhusiwa tena bila mtu kujua. Dalili ni saa: ukiwasha asubuhi ukakuta mwaka umerudi nyuma na tovuti zinakataa kufunguka kwa madai ya cheti, usirekebishe saa tu ukaendelea na kazi. Badilisha betri, halafu rudi BIOS ukague kila ulichokiweka.